Kadi Uliyoiona na Kadi Uliyoichagua

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini ulimi umeshazoea na sitaki kuuzuia.

Nakuandikia kwa sababu naogopa, na katika watu wote niliowajua, hofu ya namna hii uliijua wewe tu.

Waikumbuka ofisi yetu ya Malindi, miaka ile ya themanini ikielekea ukingoni? Bwana Katana, msanifu wa majengo, alikuwa amepata kazi ya hoteli ya Bofa, ufukweni kule Kilifi, na wewe ndiye uliyekuwa mchoraji wake mkuu. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, nikapewa meza ya kuchorea kando ya yako. Nilijivuna mno. Lakini haukupita muda nikaanza kuona mambo. Ulikuwa ukijigonga mwimo wa mlango kwa bega la kushoto. Kikombe cha chai kikiwekwa upande huo, ulikimwaga, kisha ukacheka ukasema wamekiweka vibaya. Mara ukawa waniita: "Riziki, hebu nisomee vipimo hivi, mama, nimechoka." Nilikusomea. Sikuthubutu kuuliza. Kila ulipoinama juu ya karatasi na ile kalamu ya wino, nilingoja mkono wako ukosee.

Kisha Bwana Katana akanunua kompyuta. Tukaambiwa kwamba kwa kazi ya ramani haitoshi peke yake. Ndani yake hutiwa kadi ya picha, na kadi hiyo ndiyo inayochora kwenye kioo kila mstari unaouamuru. Programu yetu ya kuchorea ilikubali aina tatu.

"Mwalimu," Bwana Katana alikwambia, maana ndivyo alivyokuita, "nenda Mombasa na binti yako mkazitazame. Utakayoichagua ndiyo nitakayoinunua."

Uliitikia vizuri tu. Lakini mimi niliona ulivyoifuta miwani yako mara mbili.

Dukani kule Mombasa alitupokea muuzaji mpole, Bwana Nassir. Alizitia kadi zile moja baada ya moja, na kila mara alifungua ramani ile ile ya ngazi na mabomba. Ya kwanza ilikuwa ya rangi moja, kijani, mistari yake myembamba kama unywele. Niliona kila kidato cha ngazi. Wewe uliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, kisha ukaomba nyingine. Ya pili ilitaka kioo chake maalumu: kuta nyeupe, mabomba ya buluu, nyaya za umeme nyekundu, na mistari bado myembamba. Ukainama tena, ukaomba ya mwisho. Ikaja ya tatu. Rangi zake chache zilikuwa kali, mistari minene, na mstari wa mshazari ulitoka na meno kama msumeno. Mabomba mawili yaliyokaribiana yakawa bomba moja.

Ukatabasamu. "Hii naiona."

Bwana Nassir akatikisa kichwa. "Hii, mzee wangu, ni ya michezo. Kwa ramani za majengo sikushauri."

Hapo ndipo nilipofahamu. Kadi mbaya kuliko zote ndiyo pekee macho yako yaliyoikubali. Nikakunong'oneza: "Baba, tuchukue hiyo hiyo. Tutazoea." Nilikuwa nawaza utakavyokaa nyumbani bila kalamu, nikaona giza.

Ulivua miwani. "Riziki, huyo atakayelala chini ya dari ya Bofa hajui kuwa mimi sioni." Kisha ukamgeukia Bwana Nassir: "Tupe ya pili. Huyu binti yangu ndiye atakayeitumia, na bomba lisije likachanganyika na umeme."

Tukaanza safari ya kurudi Malindi, na wakati ule Kilifi haikuwa na daraja. Abiria walishuka garini wakaingia kivukoni kwa miguu. Nilitaka kukushika mkono, ukaukataa. "Niache, sijazeeka." Mimi nimekumbatia boksi la kadi, wewe ukatangulia. Ukakata kushoto, kule ambako mnyororo wa ukingo wa kivuko ulikuwa umefunguliwa. Nikapiga ukelele. Mguu wako ulikuwa tayari hewani, juu ya maji, pale mwanamke mmoja wa Kigiriama alipotupa kikapu chake akakudaka kanzu kwa mikono miwili.

"Baba we! Huoni maji hayo?" yule mwanamke akamaka.

Ukaketi chini, pale pale kwenye vyuma, mbele ya watu wote. Ukanishika kifundo cha mkono kwa nguvu hata kikaniuma. "Sioni, mwanangu. Upande huu wote sioni. Naogopa."

Sikuwahi kukusikia ukilitamka neno hilo. Kwangu ilikuwa kama nyumba imeondolewa nguzo.

Asubuhi yake ulimwambia Bwana Katana mwenyewe, umesimama wima. Hakukugombeza. Alichukua ufunguo wa gari akakupeleka hospitali. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda. La kulia lilipasuliwa, likabaki na nuru kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hukuchora tena. Ulikaa barazani kwetu, mtaani Barani, ukisikiliza baiskeli, na ikipita moja karibu, uliivuta miguu yako haraka.

Hoteli niliichora mimi, kwa kadi ile. Kila niliposogeza ramani, kioo kilifutika kikachora upya, mstari baada ya mstari, nami nilizuia pumzi mpaka wa mwisho urudi. Ikajengwa, ikasimama. Uliishi miaka mingi baada ya hapo, na kwa hilo nashukuru.

Sasa ni mimi, baba. Wiki iliyopita nilijigonga bega mlangoni. Nikacheka, kama ulivyokuwa ukicheka wewe, kisha kicheko kikanikauka. Nilikwenda kwa daktari. Akaniuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa na presha ya macho, nikakutaja. Amesema imeanza, na dawa ipo. Akauliza tena: "Una watoto?"

Swali hilo ndilo lililonivunja. Salma, mjukuu wako, naye ni mchoraji wa majengo. Jana nilimketisha nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mama, twaenda lini?"

Twaenda kesho, sote wawili. Nimemwomba daktari aanze na yeye. La kwangu naweza kulibeba. Kukaa kwenye benchi nikingoja la kwake, hilo ndilo linalonitisha hata sasa ninapoandika. Lakini nitakaa, na nitamshika mkono, atake asitake.

Mola akunurishie kaburi lako, baba.

Mwanao,
Riziki