Tumbaku ya kopo ya Jenerosa

Esteri, cha kwanza nilisikia harufu ya vanila kwenye kitenge cha bibi yake Nduwayezu.

Kumbe Jenerosa kamletea tumbaku ya kopo kutoka Kasulu! Bibi anainusa tu, hata hajaiwasha, anasema, "Hii nitaivuta mpaka nizikwe."

Kavuta mara moja. Kakohoa mpaka machozi!

Halafu unajua kamwambia nini? "Tamu sana, mkwe wangu."

MKWE, Esteri! Mbele yangu!

Jenerosa alipotoka tu, bibi akakung'uta kiko, akaninong'oneza, "Mwanangu, nijazie ile yako unayochanganya na asali."

Nikamjazia. Anavuta yangu, lakini mkwe ni yule.

Esteri, ile tumbaku sikuwa naikausha kwa ajili ya bibi. Nampenda Nduwayezu.