Mashavu ya Mama Kwenye Chupa Yako

Kaka Masunga,

Neno "mpendwa" nimelitafuta tangu asubuhi, halikuja, basi tuendelee bila hilo. Salamu zako nimezipata, na ombi lako pia. Unasema unarudi Bariadi kufungua duka la virutubisho, na unataka nikutumie picha ya mama, ile aliyopigwa mnadani akiwa na mashavu, ili uibandike kwenye kila chupa na watu wajue dawa uliirithi kwake. Picha ninayo. Kwanza nikukumbushe ilivyopigwa.

Unayakumbuka magoti yake? Msimu wa kuchuma pamba alikuwa akiinuka kwa kushika ukuta, na jioni anayakanda kwa maji ya majani aliyoyajua mwenyewe. Yalimpunguzia, hayakumponya, na hakuwahi kumdanganya mtu kwamba yanaponya. Ndipo ukaja wewe kutoka Mwanza. Zilikuwa siku za ruksa. Rafu zilizokuwa tupu zilifurika, na kila mwenye baiskeli na boksi alijiita mfanyabiashara. Ukamwekea mama chupa za maji meusi mkekani.

"Mayu, mama yangu, hii ni mizizi pamoja na vitamini zote za mwili," ukamwambia. "Achana na nsansa. Majani makavu ya kunde kila siku, wewe mbuzi?"

Alicheka, akanywa. Wiki haikuisha akawa anakwenda kisimani bila fimbo, na hamu ya kula ikamrudia kweli kweli. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, hadi ushanga wake wa shingoni ukambana, tukaukata uzi na kuutunga upya. Wanawake wa kijiji chetu cha Nkoma walipiga vigelegele. Kwetu mtu akinenepa hatuulizi sababu, tunashukuru, kama tunavyoshukuru ng'ombe akijaa mgongo baada ya mvua. Nami nilipiga vigelegele, Masunga. Hilo silifichi.

Ukamkalisha kwenye kigoda mnadani, chupa zimepangwa miguuni pake, ukapaza sauti: "Mtazameni mama yangu! Nani hapa ana mama kama huyu?" Mpiga picha akapiga. Mama aliipenda sana picha ile. "Ng'wanone, mwanangu huyu, amenirudisha usichana," aliwaambia wageni.

Lakini aliyekuwa akimsugua mgongo ni mimi. Tumbo lilikua huku mapaja yakikonda, na ngozi ikawa nyepesi, ukimshika mkono tu panabaki alama nyeusi. Nilikueleza. Ukasema ni damu nyingi. Na siku niliyokukuta unatwanga vidonge vyeupe kwenye kinu chake cha karanga, ukaniambia ni vitamini. Nilikuamini, maana katika nyumba yetu aliyepelekwa shule ulikuwa wewe.

Kisha mji ulipokupa wateja wengine, ukaacha kuja na chupa zikakatika ghafla. Baada ya siku chache mama alianza kutapika, akalegea, hata kukaa hakuweza. Tulimfikisha hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Daktari alimtazama uso, akainusa chupa tupu niliyobeba, akauliza amekunywa kwa muda gani.

"Mama huyu hakunenepa," akasema. "Amevimba."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba humo mlisagwa vidonge vikali vya kuficha maumivu, ndivyo vilivyouvimbisha uso. Na kwamba mwili ukishavizoea, kuviacha ghafla kunaweza kuua. Mama alifariki siku ya tatu, akiuliza kama umetuma chupa nyingine. Hukuja kuzika. Ulituma neno kwamba biashara imekubana.

Wenzangu wa kanisani wananiambia nisamehe. Nilijaribu, na sasa sitaki hata kujaribu. Nina hasira, kaka, na hasira hii nimeitunza vizuri kuliko ulivyomtunza mama. Mizizi na majani sina ugomvi navyo. Bado nachemsha majani yake, magoti yakinisumbua. Ugomvi wangu ni na wewe.

Basi, kuhusu picha. Nimempa fundi wa mabango. Mama mshonaji aliye mkabala na duka lako jipya, ambaye mama yake naye alinunua chupa zako, amenipa ukuta wake mzima bila kusita. Mama yetu amechorwa mkubwa, na mashavu yale yale uliyoyataka. Chini yake fundi ameandika kwa herufi nyekundu: "Dawa iliyomuua mama huyu alipewa na mwanawe. Mwulizeni, duka lake ndilo hilo."

Barua hii nimeibandika hapo hapo, bila bahasha, wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Njoo ufungue duka.

Ni mimi mdogo wako, niliyenyonya nawe titi moja.