Nukta Ukingoni mwa Ngao

Jumapili, 16 Septemba 1934

Siku ya mia na nane ndani ya eda. Chumba, ua, choo – basi. Kaniki ileile. Tangu Matar azikwe sijaiona njia ya Kunduchi ila kwa upenyo wa dirisha.

Barua ya Bwana Harwood, mtafiti aliyempa Matar kazi ya kuchora, imefika. Kaileta Chausiku muuza samaki, nikaisoma kabla haijanyakuliwa. Pole kwa msiba. Atakuja Jumapili, tarehe saba Oktoba, kuchukua chupa zake za wanyama wa baharini na michoro yao. Kesho yake anapanda meli. Mkono kama wa Matar hajauona kwingine. Kama yupo aliyefundishwa naye, ajitokeze siku hiyo: kuna kazi ya kuchora mjini, miaka mitatu, na chumba cha kukaa.

Mkono wa Matar! Mkono wa mume wangu ulikuwa ukitetemeka tangu ile homa ya mwaka juzi. Nilichora mimi, yeye akatia jina. Ilikuwa siri yetu, tukiicheka wenyewe.

Hamoud, mdogo wake, keshatangaza kwamba aliyefundishwa ni yeye. Hata penseli hajui kuichonga! Na mama mkwe, Bi Khairiya, keshapanga: eda ikiisha tu, Hamoud "atanisitiri". Nikiipata ile kazi, hanisitiri mtu.

Jumanne, 18 Septemba

Nimechora tangu asubuhi. Wanyama hawa wa chupani waliletwa na meli ya waya wa simu. Waya ulivutwa kutoka kina kisichofika jua, nao wameugandia. Wale wanaoganda kwenye mashua zetu wana shina tupu na vibamba vitano tu – Bwana anawaita Lepasi. Hawa wa kina ni ukoo mwingine, Skalpela. Vibamba kumi na vinne, na shina lenyewe limevaa magamba, safu kwa safu. Majina ya vibamba nimeyatunga mwenyewe: ngao mbili mbele, mkuku mgongoni, umepinda vilevile kama wa mashua. Kuhesabu safu si taabu. Nimeshona kofia za viua tangu nina miaka kumi. Ukikosea tundu moja, kofia nzima imeharibika.

Ndani, jozi sita za miguu, laini kama manyoya. Kajigandisha kwa kichwa, miguu juu, anapunga chakula. Hahami mpaka afe. Niliweka penseli chini nikalia. Kisha nikaendelea, maana mchana ulikuwa unakwisha.

Ijumaa, 21 Septemba

Balaa! Wanawake walikuja kunitazama, mmoja akanusa. Eti nyumba ya eda inanukia manukato? Mwenzake akasema si manukato, ni pombe. Nilipokuwa kwenye sala ya adhuhuri, Bi Khairiya akamwaga spiriti inayowazuia wanyama wasioze, chupa kumi na moja, na kujaza maji ya kisima. Akachuja vizuri, kwa kitambaa!

"Nimekusafishia, mwanangu. Malaika hawaingii penye uchafu ule."

Hana nia mbaya. Hilo ndilo linalonichoma. Nikamjibu, ahsante Mama. Ningesema nini?

Jumatatu, 24 Septemba

Chupa tisa maji yamegeuka kama maziwa. Uvundo. Waliomo wamekwisha. Mbili nimewahi kuzitia spiriti tena, na kopo lililosalia nimelificha chini ya kitanda.

Nimewafungua wazima mmoja mmoja, nione kama wameanza kuharibika. Na kila mmoja, kwenye ukingo wa ndani wa ngao, ana nukta. Tangu zamani nilikuwa naifuta kwa ncha ya sindano. Matar akisema ni taka.

Leo nikaitazama kwa lenzi. Taka gani hii inayochagua mahali pamoja? Imo ndani ya kifuko. Ina ngozi yake, ina vinywele. Lepasi, Bwana alisema, kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Hawa wakubwa wote wana mayai, wala sijaona dume. Ndiye huyu! Mume mzima, hafiki punje ya uwatu, kakaa mfukoni mwa mkewe!

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu Juni. Kisha nikawakumbuka wote niliowafuta.

Jumatatu, 1 Oktoba

Nukta zimo kwa wino katika kila mchoro sasa, mahali pake. Karatasi moja ni yake peke yake, nimemkuza mpaka kila kinywele kinaonekana. Hiyo inalala chini ya mto wangu.

Jumamosi, 6 Oktoba

Kwa hesabu yangu eda inaisha leo Magharibi. Bi Khairiya kakataa. Mwezi wa Mfungo Tisa ulifichwa na mawingu, yeye alitimiza siku thelathini za Mfungo Nane. Kwa hiyo ni kesho Magharibi.

"Siku moja tu, mwanangu. Unaikimbilia nini?"

Bwana anakuja kesho asubuhi! Ningeweza kutoka kwa ubishi. Lakini nami namwogopa Mungu. Ikiwa kweli yake?

Hamoud kabeba chupa zote na michoro hadi barazani. Namsikia anasugua kitu kwa brashi. Ee Mola, asiwe amewafungua.

Jumapili, 7 Oktoba

Saa tatu. Bwana yuko barazani. Bi Khairiya kakaa kizingitini, kaupa mlango mgongo. Naandika nimeegemea ukuta.

Bwana anasifu michoro. Sasa anauliza, hizi nukta ni nini?

Hamoud: "Matone ya wino hayo, Bwana. Mkono wa marehemu ulikuwa unatetemeka. Hata kwenye chupa palikuwa na taka, nimezisugua zote."

Zote!

Nasikia Bwana anapekua karatasi. Kisha anasema, basi katika kitabu atakachochapisha atazifuta.

Nimetoa karatasi chini ya mto. Nimeandika pembeni: *Si wino. Ni mume. Nimechora mimi, Mwanabaraka, na yote mengine.* Sijatoka. Sijanena na mwanamume. Nimeisukuma chini ya mlango, imempita Bi Khairiya ubavuni.

"Nini hiki?" – mama mkwe.

Viatu vya Bwana. Kainama, nasikia karatasi.

"Hamoud. Mwanabaraka ni nani?"

Bi Khairiya kasimama. Kitasa kinazungushwa, sijui kwa kufungua au kwa kufun–