Maduara Matatu Mekundu

Wando, Korea, 3 Machi

Mwanangu Hye-jin,

Hamjambo huko Toronto? Kabichi ya kimchi imeiva, goti linauma kidogo tu. Darasa letu la Kiingereza la wazee limefika kwenye nomino. Kila moja tunaizungushia duara jekundu. Nikajaribu kwenye barua ya Kiingereza ya mwanao Suji. Shoga yangu Pil-rye akacheka, "Bibi we, hata mbwa umemfunga kamba!" Halafu tukasoma maduara matatu ya mwisho: mama, hospitali, kichanga.

Hukuniambia. Na ni mimi niliyekwambia siku ya harusi yako usirudi.

Vitenzi tunaanza wiki ijayo, sivisubiri. Nimefungasha mwani mkavu wa supu ya mzazi. Ndege yangu inatua huko Jumanne. Kunywa supu kwanza. Kunisamehe utaamua ukishashiba.

Mamako,
Bok-sun