Akiba ya Kopo la Vifungo

4 Februari

Mwanangu Kitindamimba,

Salamu tele kutoka nyumbani. Mimi mzima, cherehani nzima, paka naye yupo anaringa. Wewe hujambo? Unakula? Usinijibu "ndiyo", niambie unakula nini. Simu kwangu ni ya kusalimiana tu. Maneno yenyewe nayaweka kwenye karatasi.

Nimefurahi mpaka nikaimba kusikia umeanza kazi ya maabara. Ila umeniambia koti jeupe ulilopewa lina vifungo viwili kati ya vitano. Aibu gani hii! Mtoto wa fundi cherehani atembee wazi kama dirisha! Ukija uje nalo. Usimpe fundi mwingine, nitajua.

Juzi sindano ya cherehani ilinipitia kidole gumba cha kulia, ukucha na vyote. Usishtuke. Nilikimbilia lile kopo langu la vifungo, ambalo siku hizi nimelitengea upande wa dawa. Mtu yeyote hapa uani akibakiza vidonge ananiletea, nami navipanga kwa rangi kama vifungo: vile vya rangi mbili, vyekundu na njano pamoja, vya kijani na vyeusi pamoja. Nilimeza amoksilini, vile vyekundu na njano, siku tatu, maumivu yakatulia, zilizobaki nikazirudisha koponi. Akiba haiozi. Hata jirani yetu fundi viatu nilimpa nne za mafua, na baada ya wiki akawa mzima. Sasa wananiita Daktari wa Vifungo.

Mama yako

12 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka. Mimi sijambo, nakula wali na maharage na jana nilikula mayai. Umeridhika?

Mama, nimeona jambo ambalo sijui nikueleze vipi. Hapa tunachukua usaha wa mgonjwa, tunaupaka kwenye sahani ndogo yenye kitu kama uji ulioganda. Juu yake tunaweka vikaratasi vya mviringo, vidogo kuliko kifungo cha shati, kila kimoja na dawa yake. Sahani inalala kwenye joto kama la mwili. Asubuhi nilipofunua, bakteria walikuwa wametanda kote kama ukungu, mamilioni kwa mamilioni. Lakini kukizunguka kikaratasi kimoja palikuwa safi kabisa. Duara zima, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuvuka. Nilisimama nimeduwaa hadi mkuu wangu akaniuliza kama naumwa.

Ile ilikuwa amoksilini, Mama. Ndiyo uliyoninywesha kwa kijiko nilipokuwa mdogo na nimonia, ukikesha na saa mkononi, ukaimaliza chupa kama daktari alivyosema. Kwa miaka yote hii sikujua kilichokuwa kinatendeka ndani ya kifua changu. Nilitamani kukupigia magoti.

Lakini kwenye sahani ya mgonjwa wa pili, ukungu ulikuwa umeota hadi ukingoni mwa kikaratasi hichohicho. Wale dawa haiwatishi tena. Kila tunapoimeza ovyo, dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaana. Kwa hiyo hii akiba yako inaoza, Mama. Halafu rangi si jina: vidonge viwili vinaweza kufanana, kumbe ni dawa mbili tofauti. Mafua amoksilini haiyawezi hata kidogo. Fundi viatu alipona kwa sababu mafua huisha yenyewe. Je, angekuwa mtu ambaye mwili wake unaikataa? Wengine huvimba uso na koo hadi pumzi inakatika.

Nakuomba, vipeleke vyote kwenye dirisha la dawa hospitalini. Na kidole chako wakione.

Mwanao Kitindamimba

25 Februari

Profesa wangu,

Salamu. Sisi wazima. Hiyo sahani yako nimewasimulia wateja wote, mmoja amesema nimetunga. Kidole kilirudi kuuma kidogo, nimekiongezea vyekundu na njano viwili asubuhi na kimoja jioni. Usinune. Kopo langu halijaua mtu, na mimi sijawahi kwenda hospitali kwa ajili ya sindano ya cherehani, nisije nikachekwa. Nina sare arobaini za kumaliza.

Mama yako

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Sitaandika mengi. Barua yako ya mwisho herufi zimelegea, na wewe mwandiko wako siku zote umenyooka kama mshono. Nimepiga simu mara nane. Fundi viatu nilimpata, akasema "Mama yupo," kisha akanyamaza, na yule bwana hanyamazagi.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Niambie kweli: unashona?

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Samahani kwa mwandiko wa kuku. Naandika kwa kushoto.

Sishoni. Nipo wodini siku ya pili. Kidole kilivimba, kikawa cheusi pembeni, mstari mwekundu ukapanda hadi kwenye kiwiko. Nikatetemeka kwa homa. Fundi viatu alinibeba mgongoni, na maneno yake yote, hadi mapokezi.

Mfamasia alimwaga kopo langu kwenye sinia. Vile vyekundu na njano, mwanangu, vilikuwa dawa tatu tofauti, na vingine vilishapitwa na wakati miaka miwili. Hakunicheka. Aliviangalia tu, halafu akaniangalia mimi. Akaniuliza kama kuna dawa iliyowahi kunitoa vipele. Nikakumbuka sijawahi hata kuuliza wale niliowagawia.

Wamenipasua, usaha umetoka, mwingine wameupeleka maabara. Nina dawa ya mshipani kwa sasa, lakini daktari amesema ikigoma, kidole kitakatwa ili mkono upone. Kidole gumba cha kulia. Mkasi unashikwa na nini bila hicho? Uzi je? Amesema tusubiri sahani.

Naogopa.

Mama yako

19 Machi

Mama yangu,

Naandika basi likiwa linanguruma, dereva atakupa mkononi leo jioni. Nimeomba ruhusa, nitafika Jumamosi. Usijilaumu sasa, hiyo kazi tutaigawana baadaye.

Sahani yako ikitoka, mwombe yule wa maabara akuonyeshe. Mwambie binti yako anafanya kazi hiyo. Tafuta duara, Mama. Hata moja linatosha.

Mwanao Kitindamimba

14 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu kwako, na kwa wote wa hapo maabara, hata kwa hao bakteria wenu. Hali yangu ni njema, na safari hii si uongo.

Ulipofika ulinikuta nimelala, na siku zile nne tulilia na kucheka, hatukuzungumza. Basi nikuambie nilichokiona Ijumaa kabla hujafika. Kijana wa maabara aliileta sahani imefungwa, akaishika dirishani penye mwanga. Mle ndani walikuwa wangu mwenyewe, waliotoka kwenye kidole changu. Vikaratasi sita. Nikauliza, amoksilini ni kipi? Akanionyesha. Walikuwa wamekizunguka hadi ukingoni, wamekilalia kama mto. Vinne vingine vilikuwa na nafasi ndogo tu, ya kutia shaka.

Lakini cha sita! Mwanangu, nimekata vitambaa miaka thelathini, kwa chaki na kwa macho, na sijawahi kukata duara kama lile. Pana, safi, sawa pande zote, na hakuna mkono uliolikata. Nilisahau kidole. Nilisahau maumivu. Nikasema, "Mungu wangu, kumbe hiki ndicho tunachotupia kwenye kopo." Yule kijana akaniachia niitazame mpaka nikatosheka, na sikutosheka.

Dawa hiyo ndiyo waliyonipa. Nyumbani niliendelea nayo kila baada ya saa sita, tumbo likiwa tupu, hadi siku ile daktari aliyosema. Pakiti tupu nimeiambatanisha, hesabu matundu kama huniamini.

Jana fundi viatu amekuja na mafua, kopo amelizoea. Nikalifungua, akakuta vifungo vitupu. Nikampa kimoja cha shati lake, nikamwambia anywe maji alale, na akizidiwa hospitali anaijua, alishanibeba. Amenuna, akakishona.

Koti lako uliloliacha hili hapa, limefuliwa. Vifungo vitatu vya mashimo manne nimekushonea kwa mkono wa kulia. Vimenichukua asubuhi nzima. Cha kwanza kimekaa upande, usikifumue. Kwenye cha pili ncha ya kidole gumba ilikuwa bado imekufa ganzi, nilikuwa nautafuta uzi kwa macho. Kwenye cha tatu sindano ikanichoma hapohapo, na nikaihisi. Nilipiga kelele, fundi viatu akaja mbio, akanikuta nacheka na machozi yananitoka.

Nimekiosha kidole kwa maji na sabuni. Kopo sikulikimbilia.

Mama yako