Vibao Viwili Ambavyo Havikuwepo

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukisimama unaanza kazi nyingine na kusoma nusunusu. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa na bado anakataa dawa? Mwambie ukaidi si tiba. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri kila asubuhi. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa langu la nne linanitosha. Kama herufi zimelala, zisimamishe wewe uliyefika la saba.

Najua mjukuu wangu yuko kwako. Sikuambiwa na mtu, ila msichana haondoki na mto wake kwenda hotelini. Najua pia hajakueleza kitu, kwa sababu kufunga mdomo amerithi kwangu. Basi nikueleze mimi, ingawa jambo lenyewe nimelishika mkia tu, kichwa chake sijakiona.

Unajua nafagia pale ofisi ya maji mwaka wa kumi na moja sasa, na huyo mjukuu, Mwewe wetu, ndiye fundi wao wa kompyuta. Kuna chumba cha seva, yaani zile kompyuta kubwa zinazotunza habari za mabomba yote. Kina baridi ya kutafuna mifupa, nami naruhusiwa kuingia na kitambaa kikavu tu, ndoo inabaki mlangoni. Ukimtoa mkuu wa ofisi, wenye ufunguo ni wawili: mimi na mjukuu wangu.

Mwezi uliopita mkuu alikuwa anakagua mali. Orodha ya seva moja kwenye skrini yake ikasema ndani mna vibao vinane vya kumbukumbu, vitu vyembamba kama rula ya mwanafunzi. Seva ikafunguliwa mbele yetu sote. Mkuu akahesabu, karani akahesabu, hata mimi nikahesabu, na kuhesabu hadi nane hakuhitaji cheti. Vilikuwemo sita.

Mwewe hakushtuka. Alisema ndani ya seva kuna kidubwana kingine, mimi nakiita mnyapara, kwa sababu kazi yake ni kuwasimamia wenzake, na hapati usingizi hata seva ikizimwa. Huyo ndiye mwandishi wa orodha. Lakini hahesabu kila siku. Akishahesabu mara moja anaweka kichwani, na ukimuuliza anakusomea ya zamani. Dawa yake ni kumfutia orodha na kumwasha upya, ahesabu tena kwa macho yake.

Nikauliza ni mnyapara gani huyo asiyeangalia anachokisimamia. Watu wakacheka. Mwewe hakucheka, na mkuu hakucheka. Mkuu alisema mashine haina sababu ya kudanganya, mwenye sababu ni mtu. Na kwa kuwa orodha ile ndiyo ushahidi wake, anayetaka ifutwe anataka kufuta nini? Hebu nieleze wewe, mdogo wangu: mtu afanye nini ikiwa dawa ya ugonjwa ndiyo inayomfanya aonekane mchawi? Mpaka leo kichwa kinanizunguka kama pia.

Mjukuu wangu akasimamishwa kazi. Siku ya tano akaletwa fundi wa nje, mzee wa miwani mizito asiyejua kusalimia. Akamfutia mnyapara orodha, akamwasha, tukangoja. Seva ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikatulia, orodha mpya ikaja: sita. Kisha akachokora kabatini akatoa karatasi ya matengenezo ya kabla mjukuu wangu hajaajiriwa. Kumbe ubao mkubwa wa seva ile, pamoja na mnyapara aliye juu yake, ulitolewa kwenye seva nyingine iliyokufa. Ile ndiyo iliyokuwa na vinane. Mnyapara alihama nyumba, akawa bado anahesabu vyombo vya nyumba ya zamani.

Mkuu akamwita mjukuu wangu, akamwomba radhi mbele ya watu na kumrudishia ufunguo. Yeye akauweka mezani. Aliuliza swali moja tu: wenye ufunguo ni wawili, kwa nini alishukiwa yeye peke yake? Mkuu akanitazama mimi. Mjukuu wangu akayafuata macho yale. Jioni hakula. Asubuhi mto haupo.

Sasa kaa vizuri. Siku ile vibao vilipokosekana mkuu aliniita ofisini kwake, akauliza kwa upole tu kwa nini namwita mjukuu wangu Mwewe. Ningeweza kusema lolote. Ningesema ana macho makali. Nikamwambia kwamba akiwa na miaka saba aliiba saa ya mkono ya babu yake, na mpaka leo haijaonekana. Niliogopa. Miaka kumi na moja pale sijapoteza hata kitambaa, nikaona bora achunguzwe yeye kuliko mimi.

Siku ya saa unaikumbuka. Mimi nilishika fimbo, wewe ulimshika mikono, naye akalia kwamba hajui. Jina la Mwewe ulilitoa wewe, mimi nikalilea.

Saa ile niliipata. Miaka minne baadaye, nikifumua pindo la koti langu la kijivu. Mfuko nilimoiweka mwenyewe ulitoboka, saa ikateremka ndani ya bitana. Nikaifunga kitambaa nikaificha chini ya sanduku, maana mtu mzima anaanzaje kumwomba radhi mtoto? Nikaendelea kumwita Mwewe. Na kinachonichanganya ni hiki: nilipomwambia mkuu haijaonekana, sikujisikia nadanganya. Niliamini. Saa iko sandukuni kwangu, na mimi bado namhesabia wizi! Sijui kichwa changu kina nini.

Saa hiyo imo ndani ya bahasha hii, na kitambaa chake kilekile. Msomee barua yote, hata panapokuaibisha wewe, usiruke. Kisha mpe mkononi. Ukiitia ufunguo inatembea. Asiporudi kwangu sitamlaumu, ila kazini arudi. Ufunguo wake bado uko mezani kwa mkuu, na wangu nimeuweka kando yake. Chumba kile atakifagia mwingine. Na lile jina lisisikike tena, kwangu wala kwako.

Shemeji anywe dawa. Watoto wote wa hapo wabusu vichwani, kuanzia mdogo kabisa hadi yule aliyenikasirikia.

Ni mimi dada yako mkubwa, mwenye magoti mabovu na kichwa kibovu zaidi.