Ghala Letu na Namba za Marete

Jumatatu, 9 Juni 2025

Aibu! Tumepima ndizi za Mitunguu leo — mkungu mmoja, laptop mbili, kilo mbili tofauti. Mama Mukiri, mwenyekiti wa wakulima wa huko, akamwambia bosi hata watu wa bucha hawamdanganyi hivyo.

Kosa najua liko wapi. Hapa ofisini Meru tunapeana programu kwa flashi, kama majirani na chumvi. Kile kifurushi cha Python, programu ndogo ya kuondoa uzito wa kikonyo kwenye kilo za mkungu, mwenzangu Marete ana chake, mimi nina changu, Nurto ana cha Marete cha mwaka jana. Kila mtu na akili zake!

Bosi wetu Hirsi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema Ijumaa tunapima tena mbele ya wakulima wote. Tukitofautiana, wanahamia kwa mshindani wetu, Njue wa Embu. Njue! Na vile anapenda kuringa.

Jumanne, 10 Juni

Nimejenga ghala! Kompyuta kuukuu pale kona, inaonekana ndani ya ofisi tu. Vifurushi vyetu vyote vinakaa humo na kila mtu anachota hapo. Laptop huchukua zenyewe toleo lenye namba kubwa zaidi. Nimeanza na langu, toleo 1. Nurto kapiga makofi. Marete kaendelea na chai yake.

Jumatano, 11 Juni

Huyu Marete ni mtu kweli? Nimewasha laptop, kilo zimebadilika. Kuangalia ghala — toleo 99! Lake!

Nikamwendea. Hata hakuinua kichwa. "Si ulisema namba kubwa ndio inashinda, Ntinyari? Sasa nimeshinda. Mimi nimezaliwa hapo Mitunguu, wewe ndizi unaonanga kwa sahani."

Kwa sahani! Nikaweka langu tena, toleo 100. Nilicheka peke yangu mpaka Nurto akaja kuniangalia.

Hirsi akapita nyuma yetu. "Hii ni ghala ama ni mnada?"

Alhamisi, 12 Juni

Marete hajaonekana. Nurto anasema amebeba mizani ya ofisi akaenda nayo kwao. Ya nini sasa?

Nimeandaa 102, iko kwa laptop yangu tu. Akinichokoza na 101, niko tayari.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nikiwa kwenye kabini ya lori, Mitunguu. Hirsi anasalimia wakulima. Wamejaa!

Asubuhi kabla tutoke, Marete aliweka 101. Laptop zote zimeichota. Mimi bado nina 102 yangu hapa. Nikiitumia, kilo zitatofautiana tena na kwaheri Mitunguu. Lakini nimwachie Marete? Hapana jamani.

Nimefungua 101 kutafuta makosa.

Ni hesabu yangu. Mstari kwa mstari! Alichobadilisha ni uzito wa vikonyo tu — jana alishinda shambani kwa mamake akivipima, vidogo kwa vikubwa. Na pale pa mwandishi kaandika jina langu kwanza, lake chini.

Sijui nicheke au nilie. Mjinga huyu.

Nimefuta 102.

Mama Mukiri anauliza nani anaanza kupima. Marete ameshafungua laptop yake mezani, ananiwekea kiti kando. Mkungu wa kwanza unapandishwa kwenye mizani. Kila mtu anatazama mizani — yeye ananitazama mimi. Wacha nishuke.